Mfuko wa UNESCO wa Uanuwai wa Utamaduni: nani aombe, nani asipoteze muda wake

Mfuko huu, maarufu kwa kifupi cha IFCD, unatoa ruzuku, haukopeshi. Kiwango cha juu ni dola 100,000 za Marekani kwa mradi wa miezi 12 hadi 24. Ulianza kugawa fedha mwaka 2010, chini ya Mkataba wa 2005 wa kulinda na kukuza uanuwai wa kazi za utamaduni. Wanaoruhusiwa ni nchi zinazoendelea zilizoridhia mkataba huo. Kenya iliridhia 2007 na Tanzania 2011, kwa hiyo hapo hakuna kikwazo.

Kikwazo ni nani anayeomba. Fomu inapokea taasisi za umma na asasi zisizo za kiserikali zilizosajiliwa. Bendi, msanii mmoja mmoja au kampuni ya filamu haina nafasi. Msanii wa Tanzania anayetaka mtaji wa studio aende Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa serikali, akijua kwamba ule ni mkopo na utarudishwa.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuchanganya mkataba huu wa 2005 na ile ya urithi. Kuhifadhi ngoma za jadi, kurekodi simulizi za wazee, kukarabati jengo la kale: hayo ni urithi, na yana mikataba na mifuko yake. IFCD inataka uchumi wa ubunifu wa leo, yaani sera, mafunzo, masoko, takwimu, haki za wabunifu. Hata tamasha zuri la siku tatu likiombewa peke yake litakataliwa, kwa sababu likiisha hakuna kilichobadilika katika mfumo.

Andiko la mradi ndipo watu wengi hukwama. "Kuinua muziki wa Kanda ya Ziwa" ni ndoto, na msomaji hana cha kuipimia. Andika hivi: "Kufikia mwezi wa 18, wanamuziki 40 wa Mwanza, nusu wanawake, wamesajili kazi zao COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) na wanajua kusoma mkataba wa usambazaji." Sasa kuna idadi, mahali, muda na ushahidi wa kukagua. Kila shughuli ifungwe kwenye tokeo kama hilo, isiyofungika, ikatwe.

Bajeti nayo iendane. Mstari unaosema "mafunzo, dola 15,000" unaua andiko. Uvunje: chakula cha watu 20 kwa siku 5 kwa shilingi 15,000 ni shilingi 1,500,000, halafu ukumbi, nauli, mkufunzi, kila kimoja kwa bei yake, ndipo ugeuze kuwa dola. Fedha hulipwa kwa awamu, na awamu inayofuata husubiri ripoti. Asasi isiyo na mhasibu makini itakwama katikati ya mradi huku washiriki wakidai nauli.

Maombi hayaendi Paris, makao makuu ya UNESCO, moja kwa moja. Tume ya Taifa ya UNESCO huyachuja kwanza na kupitisha machache tu; kisha jopo la wataalamu huyapa alama, na Kamati ya nchi 24 zilizoridhia mkataba hutoa uamuzi. Kati ya kuomba na kupata jibu ni miezi mingi. Usimwahidi mtu mshahara kwa fedha hizi kabla ya kusaini mkataba.

Udhaifu wake ni mkubwa na lazima usemwe. Mfuko unategemea michango ya hiari ya nchi, hivyo miradi inayopita kila mwaka duniani kote ni michache mno. Tena fomu ni Kiingereza au Kifaransa tu. Kikundi cha Pemba kinachofanya kazi zake zote kwa Kiswahili kinalazimika kumlipa mtu akiandikie, na hoja zake nzuri hupotea njiani. UNESCO yenyewe ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Fomu ya Kiswahili ingekuwa haki yetu.

Kwa asasi yenye usajili hai, hesabu safi na lengo la kubadili jinsi sekta inavyofanya kazi, tunaupendekeza bila kusita. Anzeni na afisa wa utamaduni katika Tume ya Taifa, na mwulizeni tarehe yake ya mwisho ya ndani, maana hutangulia ile ya Paris.