Soksi za uzi wa fedha: miezi mitano ndani ya buti, Dodoma

Mimi ni mlinzi wa usiku huku Mtumba. Naingia lindo saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, na buti haivuliwi. Nikirudi nyumbani Nkuhungu nilikuwa navulia viatu nje ya mlango, maana wanangu walikuwa wanaziba pua. Hilo liliniumiza sana. Ndiyo maana nilipoona paketi imeandikwa kwamba soksi zake zinaua bakteria, nilibeba pea 3 hapohapo, Sh 4,000 kila moja, kwenye duka moja la mjini.

Wiki ya kwanza zilinifurahisha. Kufikia kufua mara ya sita, harufu ilikuwa imerudi yote, na ile poliesta iliishika kuliko soksi zangu za zamani za pamba. Nilipozirudisha, muuzaji akasema nimefua vibaya. Sikubaliani naye. Soksi isiyovumilia beseni na sabuni ya mche si ya kuuzia mtu.

Aliyenifungua macho ni binti wa dada yangu, anasoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Aliigeuza ile soksi ndani nje, akaniuliza, "Mjomba, dawa imepakwa juu ya uzi au imo ndani ya uzi?"

Sikuwa nimewahi kuliwaza swali hilo. Akanieleza kwamba jasho lenyewe karibu halinuki. Bakteria wa kwenye ngozi ndio wanaolivunjavunja, harufu ikatoka. Fedha, hii hii ya pete na mikufu, ikipata unyevu huachia ayoni, yaani chembe ndogo sana za fedha zenye chaji ya umeme, zinazoharibu protini za hao bakteria. Sasa kuna soksi zinazochovywa dawa zikiwa zimeshafumwa, na kama dawa haikushika vizuri, kila ukifikicha inaondoka na maji. Kuna nyingine ambazo chembe za fedha, shaba au zinki huchanganywa kwenye plastiki ikiwa bado imeyeyuka, kabla haijavutwa kuwa uzi. Hapo dawa imenaswa ndani, inatoka polepole. Akaniambia mwaka 2008 watafiti wawili wa Arizona State University kule Marekani, Troy Benn na Paul Westerhoff, walifua soksi za fedha za aina mbalimbali. Baadhi zilipoteza karibu fedha yote ndani ya kufuliwa mara 4, nyingine zikabaki nayo.

Basi nikaagiza pea 2 kutoka Dar, Sh 15,000 kila moja, za nailoni ambayo uzi wake umevikwa fedha kabla ya kufumwa. Ukizigeuza unauona uzi wenyewe: rangi ya kijivu, unang'aa kidogo, umepita vidoleni na chini ya unyayo tu. Kila nikifua naweka alama ya kalamu nyuma ya mlango wa kabati. Leo alama ni 41 kwa pea ya kwanza. Asubuhi nikivua, soksi ina unyevu wa jasho, lakini kinachonuka ni ngozi ya buti. Siku maji yalipokatika nilivaa pea moja usiku 2 mfululizo, na bado watoto hawakulalamika.

Maji yetu ya visima yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, kwa hiyo nasuuza mara 3. Jiki nimeacha kabisa kwenye soksi hizi, na dawa ya kulainisha nguo pia, kwa sababu ya kwanza inashambulia fedha na ya pili inaufunika uzi.

Kasoro ninazo mbili. Kisigino cha pea moja kilitoboka mwezi wa nne wa kuzivaa, na kwa bei ile nilitegemea kidumu zaidi. Halafu fangasi niliyokuwa nayo katikati ya vidole haikupona kwa soksi. Ilipona kwa krimu niliyopewa zahanati, na kukausha miguu vizuri kabla ya kuvaa. Asikudanganye mtu kwamba soksi ni tiba.

Soksi hizi nazipa nyota 4. Nimeagiza pea nyingine 2, safari hii zenye kisigino kinene.