Jiko la presha la umeme, kwa mwenye baridi yabisi

Wengi wanaolisifia jiko la presha la umeme husifia haraka yake. Mimi nalipendea kitu kingine: linaniacha nikae. Nina baridi yabisi. Asubuhi vidole na viwiko vinakuwa vimekakamaa, mpaka saa nne ndipo mikono inaanza kunitii, na kesho yake baada ya kumeza methotrexate, dawa yangu ya baridi yabisi ya mara moja kwa wiki, nachoka uchovu ambao kulala hakuutoi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha nipumzike kabla sijachoka, nigawe kazi vipande, na siku nikiamka nafuu nisitake kuzimaliza zote. Sasa jiko la mkaa halikubali kugawiwa vipande. Ukishawasha ndiyo umeshawasha: unapepea, unaongeza maji, unatua sufuria, na maharage makavu yanaweza kukuweka hapo saa mbili, tatu.

Langu ni la lita 6, wati 1,000, nililinunua Kariakoo kwa laki moja na themanini. Nimeliweka juu ya meza fupi ili nipike nikiwa kitini. Jioni, mikono ikiwa imelainika, nachambua maharage, nayaosha, natia maji kikombe kwa kikombe kwa sababu jagi lililojaa linanivunja kiwiko, nafunga, kisha nalitegea muda wa kuanza. Yanaloweka humo humo usiku kucha na alfajiri linajiwasha lenyewe. Nikiamka na vidole vyangu vigumu, kazi iliyotaka vidole ilishafanyika jana. Kuunga kwa kitunguu, nyanya na tui nakuacha mchana. Nazi yenyewe naikunisha kwa mashine sokoni. Kukaa kwenye mbuzi magoti yalishakataa.

Kwa maharage na makande usipite nusu ya chungu, maana povu huweza kuziba tundu la mvuke. Yakiiva, acha presha ishuke taratibu yenyewe. Muda huo nautumia kujilaza, na hakuna kinachoungua. Kwa wanaouliza linakula LUKU kiasi gani, yaani umeme wa kulipia kabla: wati 1,000 kwa saa nzima ni uniti moja, na hili halifiki hapo, kwa sababu presha ikishapanda linajizima na kujiwasha. Umeme ukikatika katikati usifungue, joto lililobaki ndani litaendelea kuivisha kwa muda.

Mama mkwe wangu alionja akasema, "Mwanangu, yameiva vizuri, ila moshi siusikii." Ni kweli, harufu ya jiko la mkaa haipo. Na ugali utausonga kwingine.

Kinachoniudhi zaidi ni kifuniko. Kinafungwa kwa kuzungushwa, na waliokibuni hawakumfikiria mtu asiyeweza kukaza kiganja. Kilipokuwa kipya nilishindwa kabisa asubuhi. Nilipaka mafuta kidogo ya kupikia kwenye ule mpira wa ndani, na sasa nakisukuma kwa mkono wote kuanzia kiwiko, vidole vikiwa wazi, kinazunguka. Chungu cha ndani nacho hakina masikio. Kikiwa na maharage nusu kina uzito wa kilo tatu na zaidi, kina moto, na kingo zake ni nyembamba. Mimi sikiinui. Nachota kwa upawa hadi kibaki chepesi, ndipo namwita mwanangu akitoe. Anayeishi peke yake alifikirie hili kwanza. Kitufe cha kutolea mvuke nakigusa kwa mpini wa mwiko, uso nimeugeuza pembeni.

Mpira wa kifuniko unashika harufu. Nikipika pilau, bizari na iliki inahamia kwenye wali mweupe wa kesho yake, hata nikiuosha kwa limau. Nilinunua mpira wa pili, mmoja wa pilau na nyama, mwingine wa vyote vilivyobaki.

Kwangu mimi thamani yake ipo. Jikoni sisimami tena nusu siku, na nguvu ninayobakiwa nayo mchana inatosha kukaa na watoto wakifanya kazi za shule. Lakini ukienda dukani usikubali kubebeshwa boksi lililofungwa. Mwambie muuzaji alitoe, ufunge na kufungua kifuniko mwenyewe, kwa ule mkono unaokuuma zaidi, na ukiweza nenda asubuhi, vidole vikiwa bado havijalainika.