Vilengeo vya nukta nyekundu kwa bastola ya kubeba: ninavyovipanga

Bastola inayoshinda kiunoni hupata taabu kuliko ile inayotolewa kabatini Jumamosi kwenda uwanja wa shabaha. Inalowa jasho, inajaa nyuzinyuzi za nguo, inagongwa na mlango wa gari na bizimu ya mkanda wa kiti, na huenda mwezi ukapita haijafyatua hata risasi moja. Kwa hiyo mtu akiniuliza kilengeo kipi ni imara, siangalii kwanza kitastahimili risasi elfu ngapi. Naangalia kama kitawaka, na nukta itaonekana, siku ile moja isiyopangwa.

Nawaandikia zaidi jamaa walioko Marekani, maana huko ndiko bidhaa hii inapangwa rafuni kama simu. Kwa sheria ya shirikisho, mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki bastola kama raia, bila kusahau sheria za jimbo lake. Aliyeingia kwa viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa misamaha michache. Hilo lijulikane kabla ya kutazama bei.

Kifaa chenyewe hakina miujiza. Kitaa kidogo kilicho nyuma hurusha mwanga kwenye lenzi, nao unarudi jichoni ukiwa nukta. Vile vya wazi havina kizuizi chochote kati ya kitaa na lenzi: tone la jasho au uzi wa fulana ukikaa juu ya kitaa, nukta inatawanyika au inapotea kabisa. Vile vilivyofungwa ni kisanduku chenye kioo mbele na nyuma. Uchafu unabaki nje, unaupangusa kwa pindo la shati. Kwa bastola ya kubeba, tofauti hiyo naipa uzito kuliko jina la kampuni.

Namba moja kwangu ni Aimpoint Acro P-2, ya Wasweden wa Malmö. Ni kisanduku kilichofungwa, kinatumia betri ya CR2032 ambayo kiwandani wanaikadiria saa 50,000, yaani miaka mitano na ushee bila kuzimwa, na unaibadilisha kwa ubavuni bila kung'oa kilengeo. Kasoro yake ni bei, karibu dola 600, na umbo. Juu ya Glock 19 kinakaa vizuri. Juu ya bastola nyembamba kama SIG P365 kinazidi mwili. Ukikuta kilichokwisha kutumika kwa bei ya kuvutia, soma maandishi ubavuni: P-1 ya mwaka 2019 ilitumia betri ndogo zaidi na chaji yake haikudumu hivyo.

Wenye bastola nyembamba, ambao nadhani ndio wengi, wachukue Holosun EPS Carry, namba mbili. Nacho kimefungwa, betri yake ya CR1620 inaingia kwenye kidroo cha pembeni, kinasinzia kikitulia na kuamka kikitikiswa. Bei ni kama dola 350. Wapo wanaokikataa kwa sababu kinatengenezwa China. Siwezi kuwabishia kwa hilo, ila kwa nusu na kidogo ya bei ya Acro sijaona kingine cha saizi ile ninachokiamini zaidi. Mwenye Glock 43X MOS, ile iliyochongwa tayari kupokea kilengeo, ajue mapema: vilengeo vya familia ya K vya Holosun, EPS Carry ikiwemo, havikai moja kwa moja kwenye slaidi yake, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma bastola ikifyatuliwa. Unahitaji pleti nyembamba katikati, au fundi asage vinundu viwili vya nyuma vya slaidi, na kikishasagwa hakirudi.

Namba tatu, Trijicon RMR Type 2, wengine wangeiweka ya kwanza na nisingegombana nao. Ni ya wazi, ndiyo iliyoishusha kwangu. Lakini mwili wake ni alumini ya 7075 iliyofuliwa, na tazama ukingo wa juu: umeinuka pembe mbili kama masikio. Bastola ikianguka juu chini, kishindo kinapokelewa na pembe na kushuka kwenye nguzo za pembeni, kioo kinasalimika. RMR za mwanzo zilikuwa na ugonjwa mmoja, betri ilicheza slaidi ikirudi nyuma kwa nguvu, nukta ikakonyeza. Type 2 ilikuja kutibu hilo. Betri iko tumboni, hivyo kuibadilisha ni kufungua kilengeo chote na kwenda kukihakiki tena kwa risasi. Asiyetaka usumbufu huo aongeze pesa achukue RMR HD, betri yake inatokea juu.

Mfuko ukibana, Holosun 407K inatosha. Ni ya wazi, kwa hiyo brashi laini iwe nyumbani na itumike kila wiki.

Trijicon SRO naiacha ingawa dirisha lake ni tamu kutazamia. Limejitokeza mbele bila pembe za kulilinda, ni la mashindano. Vile vya dola 40 vya mtandaoni, vilivyoundwa kwa bastola za plastiki za kuchezea, havistahili hata kujadiliwa.

Sasa skrubu, kwa sababu vilengeo vingi vinavyosemwa vimeharibika havijaharibika, vimelegea. Safisha matundu kwa spiriti mafuta yaishe, tia tone la gundi ya skrubu ya bluu, kaza kwa bisibisi yenye kipimo. Kwa RMR ni paundi-inchi 12. Vingine fuata karatasi iliyomo kwenye boksi. Kisha chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka, umeliona hilo kabla nukta haijahama. Na urefu wa skrubu si jambo la kukisia. Kwenye Glock, ya upande wa kulia ikizidi kidogo inagusa njia ya springi inayosukuma kitoa ganda, bastola inaanza kukwama, na dukani watakuambia ubadilishe aina ya risasi.

Ukubwa wa nukta ni mapenzi. Nukta hupimwa kwa MOA, kipimo kidogo cha pembe: moja ni kama sentimita 0.7 kwa mita 25, basi nukta ya 3.25 inafunika sentimita 2.4 na ya 6 inafunika 4.4. Kubwa inaonekana upesi. Ndogo inalenga kwa makini. Ukiona nukta ina mkia kama kimondo, usirudishe bidhaa bado: ipige picha kwa simu kupitia kioo. Ikitoka duara kwenye picha, tatizo ni jicho, muone daktari wa macho.

Jambo la mwisho ni kwa wanaofunga mizigo ya kwenda nyumbani. Vilengeo vya silaha viko chini ya udhibiti wa Marekani wa bidhaa zinazopelekwa nje ya nchi, hata kama ni kadogo na hakana risasi. Binamu yako mwenye leseni Nairobi au Arusha anunue kwa muuzaji wa huko aliyesajiliwa, usimtilie kwenye sanduku la nguo.