Konyeza wa Mji Mkongwe: tathmini ya chumba cha tatuu Bagamoyo

Hakuna kibao mlangoni. Chumba kina kitanda kimoja, feni ya ukutani, sinki, na dirisha linalotazama kichochoro cha Mji Mkongwe, hatua chache kutoka njia inayoshuka soko la samaki. Anayeulizia michoro ya bahari hupewa albamu ya plastiki yenye kurasa kumi na mbili. Sita kati ya hizo ni za konyeza, yule ambaye wengine humwita yavuyavu na wavuvi humchukia anaponasa kwenye nyavu. Hapa tunapima hizo kurasa sita, pamoja na mkono unaozihamishia kwenye ngozi.

Tuseme mapema: fundi ni mzuri kuliko albamu yake.

Konyeza ni mchoro mdanganyifu. Kwa macho ni mwavuli juu na nyuzi chini, yaani minyiri, basi. Ugumu wake uko pale pasipochorwa kitu. Wino wa tatuu hukaa kwenye ngozi ya ndani, milimita moja hadi mbili kutoka juu, na kadiri miaka inavyokwenda kila mstari hunenepa kidogo. Minyiri iliyopangwa kwa nafasi ya milimita moja hupendeza sana siku ya kwanza, hasa kwenye picha ya simu. Miaka kadhaa baadaye inagusana, na uliyelipia konyeza unatembea na ufagio wa chelewa. Kwa minyiri inayoshuka sambamba, chini ya milimita tatu kati ya mmoja na mwingine ni kujitafutia majuto. Mikono minene ya mnyama huyu, inayoning'inia katikati na yenye mikunjo kama shela, ndiyo ichorwe kwanza kwenye karatasi. Minyiri myembamba ifuate, michache, minne au mitano, na iishie kwa urefu tofauti.

Ukurasa wa kwanza unalijua hilo. Ni Aurelia, konyeza wa mwezi, na aliyemchora amewahi kumtazama mnyama mwenyewe: pete nne kama viatu vya farasi zinaonekana kupitia mwavuli (hizo ni ogani zake za uzazi), ukingo una nyuzi fupi kama pindo la kanga, na mikono minne tu inashuka. Mstari wa nje ni mnene, wa ndani ni vitone vitupu. Huu uchukuliwe kama ulivyo.

Ukurasa wa tatu una kosa la kuudhi. Umeandikwa "konyeza sanduku", lakini mwavuli ni duara na minyiri imezunguka ukingo mzima. Konyeza sanduku ana pande nne kama jina lake, na minyiri hutoka kwenye pembe. Fundi akiambiwa hubadilisha bila ubishi, ila mteja asiyejua ataondoka na mnyama asiyekuwepo baharini.

Ukurasa wa tano ndio unaouza, na ndio wa kuuruka: waridi, samawati, zambarau, na mng'ao mweupe juu ya mwavuli. Karatasi ni nyeupe, ngozi zetu si karatasi. Rangi ya asili ya ngozi iko kwenye tabaka la juu na wino uko chini yake, kwa hiyo kila rangi huonekana kama kitu kilichofunikwa na kioo cha kahawia. Waridi hafifu hupotea, samawati hugeuka kijivu, na nyeupe huishia njano au kama kovu la zamani. Kwenye ngozi nyeusi mwanga wa konyeza hutengenezwa kwa kuacha ngozi yenyewe: ukingo mweusi kabisa, kivuli cha vitone kinachopungua kuelekea katikati, kisha eneo wazi. Anayetaka rangi lazima achague nzito, kama nyekundu iliyokolea au buluu ya usiku, na aombe ijaribiwe kwa vitone viwili vitatu mahali pa siri, vikae mwezi mmoja.

Ukurasa wa sita una Turritopsis dohrnii, maarufu kwa jina la konyeza asiyekufa, kwa sababu akiumia au akikosa chakula anaweza kurudi hatua ya utoto na kuanza upya. Watu hupenda hiyo maana. Mnyama mwenyewe hafiki nusu sentimita, na albamu imemweka sentimita mbili kwa ajili ya kifundo cha mkono, akiwa na minyiri kumi na sita. Haiwezekani. Mwavuli ulio chini ya sentimita tatu haubebi kitu ndani. Uchorwe kama mstari mmoja safi na nyuzi tatu, au upanuliwe.

Kurasa mbili zilizobaki, konyeza na maua, konyeza na mwezi, hazina ubaya wala habari.

Sasa mahali pa kumweka. Konyeza hupenda misuli iliyo wima na ndefu, na hapa fundi anaonyesha uzoefu. Stensili, ile karatasi inayohamishia mchoro kwenye ngozi, haibandiki mkononi ukiwa umeulaza kitandani. "Dada, simama wima, mkono uachie tu kama unasubiri daladala," ndivyo anavyosema, na ana haki. Mkono wa chini ukigeuzwa kiganja juu, ngozi yote hujizungusha. Minyiri iliyobandikwa imenyooka katika mkao huo hujipinda mkono ukishuka. Akishabandika humtaka mteja ageuze mkono mara tatu, akunje kiwiko, kisha ajitazame kwenye kioo. Mwavuli huwekwa vidole vitatu chini ya kiwiko, minyiri ikiishia kabla ya mkunjo wa kifundo. Urefu wa sentimita 15 hadi 18 unatosha.

Bega ni zuri zaidi kwa mwavuli mkubwa, kwa kuwa mviringo wa msuli hufanya nusu ya kazi. Shavu la mguu, upande wa nje, halina shida. Mbavu zina urefu unaotakiwa, lakini huuma, na mchoraji analazimika kufuata pumzi. Mistari mirefu myembamba hutetemeka hapo. Unyayo na vidole vya mguu viachwe: kandambili na msuguano hula wino, na mstari mwembamba ndio huliwa kwanza. Nyuma ya goti na ndani ya kiwiko, vivyo hivyo.

Katikati ya kifua ndiyo sehemu inayoombwa sana kwa konyeza, mwavuli kati ya matiti na minyiri ikishuka tumboni. Hapo pana tatizo ambalo michoro ya kutoka nje haiongelei. Keloidi, yaani kovu linaloota na kuvuka mpaka wa jeraha, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na kifua, mabega na masikio ndiyo makazi yake. Mwenye kovu la namna hiyo la chanjo au la kutoga sikio, au mwenye ndugu wa damu aliye nalo, asichore kifua. Bega nalo alifikirie mara mbili. Fundi huyu huuliza na kukagua bega lenye kovu la chanjo kabla ya kushika kalamu. Ni alama kubwa kwake.

Na anayewaza ajira za vyombo vya usalama ajue kwamba matangazo ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Kujificha chini ya shati hakusaidii kwenye uchunguzi wa afya.

Kwa wenye kusitasita, chumba kina huduma ambayo ingefaa iigwe: mchoro uleule huchorwa kwanza kwa hina, mahali palepale, ukae wiki moja au mbili. Mkononi hina haikolei kama kiganjani, lakini inatosha kuona kama mwavuli uko juu mno. Iwe hina tupu. Piko, au hina iliyotiwa dawa ya nywele ili iwe nyeusi haraka, ina kemikali ya PPD inayoweza kutoa malengelenge na kuacha kovu lenye umbo la mchoro. Ngozi ikishaumia hivyo haichorwi tatuu karibuni.

Kazi yenyewe. Ngozi hunyolewa kwa wembe mpya, husafishwa kwa spiriti, hukaushwa, hupakwa jeli kidogo sana, ndipo stensili hubandikwa na kuachwa dakika 15. Kwa joto la Bagamoyo dakika tano hazitoshi. Jasho huinua rangi ya zambarau ya stensili na mistari hutoka na tishu. Fundi huanzia ncha za minyiri na kupanda, mwavuli ukiwa wa mwisho, ili kila anapofuta wino asifute ramani iliyo mbele yake. Minyiri hupigwa kwa sindano ya 3RL (ncha tatu zilizofungwa duara, za kuchora mistari), ukingo wa mwavuli kwa 7RL, yenye ncha saba. Kasoro tuliyoiona kwenye kazi zake zilizopona iko hapa: kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, ncha mbili za minyiri zina ukungu wa buluu pembeni. Huko ni kuzamisha sindano mno, wino ukashuka kwenye mafuta na kutawanyika. Hakufutiki. Kwenye sehemu hiyo aombwe apunguze mkono.

Usafi ni wa kuridhisha. Katriji, kile kichwa chenye sindano, hufunguliwa mbele ya mteja, tarehe ikisomeka, mashine na waya vimefungwa nailoni, glavu hubadilishwa akigusa simu, sindano zilizotumika huingia kwenye boksi lake. Jambo moja libadilike: kivuli cha kijivu huchanganywa kwa maji ya chupa ya kunywa. Maji safi ya kunywa hayajauawa vijidudu vyote. Mwaka 2011 huko Rochester, New York, watu 19 walipata maambukizi ya bakteria wa jamii ya Mycobacterium kutokana na wino wa kijivu uliokuja ukiwa umeshazimuliwa, na kilichoshukiwa ni maji yaliyouzimua, tena yalikuwa yamekenekwa kabisa, yaani ya mvuke uliopozwa. Maji ya kuchanganyia dawa za sindano yanapatikana duka la dawa kwa bei ndogo; nunua vichupa viwili uende navyo, hatakataa.

Karatasi ya maelekezo anayotoa ni fupi na sahihi, isipokuwa kwenye plastiki ya kubandika. Inasema siku tatu. Pwani, jasho hujaa chini yake kama mfuko. Iondolewe baada ya saa 24, au mapema ikianza kuvuja. Osha kwa sabuni isiyo na manukato mara mbili kwa siku, kausha kwa kugusa, paka mafuta kiasi cha kung'aa tu. Vaa kanga au kikoi, si suruali ya kubana. Magamba yatatoka kuanzia siku ya nne hivi, yasibanduliwe. Bahari ni marufuku wiki tatu: maji ya chumvi yenye joto hubeba bakteria wa Vibrio, na jeraha bichi ni mlango. Wekundu unaosambaa, homa au usaha ni wa kupelekwa hospitali, si wa kurudishwa kwa fundi.

Konyeza wa mkono wa chini ni shilingi 120,000, na marekebisho ya mara moja yamo humo, kati ya wiki ya nne na ya sita. Nusu hulipwa siku ya kupanga. Ijumaa hufunguliwa baada ya swala.