Neno la mwisho lilimezwa na tangazo

Sina mazoea ya kuandika maoni juu ya filamu, na haya nayaandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo msomaji anivumilie nikipanda na kushuka. Majuma kadhaa yaliyopita nilimpelekea kijana wa kibanda kimoja cha kujaza filamu huku Sinza flashi yangu, anijazie msimu wa tatu wa Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, uliotafsiriwa kwa sauti. Mimi ni fundi cherehani. Macho yangu kutwa yamo kwenye sindano, na televisheni naisikiliza zaidi kuliko ninavyoitazama. Maandishi ya chini ya kioo hunilazimu niinue kichwa, na nikiinua kichwa mshono unakwenda upogo. Kwa hiyo sauti ya mfasiri kwangu si pambo. Ndiyo filamu yenyewe.

Sehemu iliyonikasirisha ni ile iitwayo The Shakespeare Code, iliyotoka Uingereza mwaka 2007. Daktari, yule msafiri wa nyakati, anamchukua Martha Jones, binti mweusi anayesomea udaktari wa kweli, wanashuka London ya mwaka 1599, ukumbi wa maigizo wa Globe ukiwa bado unanukia mbao mpya. Humo wanamkuta Shakespeare akiwa kijana mwenye maneno mengi na macho yasiyotulia kila apitapo mwanamke. Wanawakuta pia viumbe watatu wa kike kutoka mbali na dunia hii, wenye sura za wachawi, ambao mfasiri wetu aliwaita wanga, na hapo nilimpa heko. Ujuzi wa viumbe hao ni wa maneno. Sisi binadamu tulipasua atomu kwa hesabu. Wao neno likitamkwa mahali pake na kwa wakati wake hufungua milango ya mbinguni. Wamempata Shakespeare kupitia jeraha lake, kwa kuwa mwanawe Hamnet alifariki mwaka 1596 akiwa na umri wa miaka 11 tu, jambo ambalo ni la kweli katika historia, na wanamwandikisha kwa hila hotuba ya mwisho ya tamthilia yake mpya ili ikisomwa jukwaani wenzao wote waingie duniani. Hata hiyo tamthilia haikubuniwa na watu wa televisheni: jina lake limo katika orodha iliyochapishwa mwaka 1598, lakini maandishi yake hayajapata kuonekana.

Nalieleza hili kwa kirefu ili ieleweke kwamba hapa maneno si mapambo ya hadithi. Maneno ndiyo panga, ndiyo bunduki, ndiyo mlango na ufunguo wake.

Na mfasiri alianza vizuri mno, nitakuwa mwizi wa fadhila nikinyamaza. Shakespeare alipojitokeza jukwaani, sauti ikasema: "Mnamwona huyu jamaa mwenye ndevu? Ndiye mwenyewe wa Mabepari wa Venisi, yule ambaye Mwalimu alimfundisha Kiswahili." Nilisimamisha cherehani. Kitabu hicho, ambacho Mwalimu Nyerere alikitafsiri na kikachapwa mwaka 1969, tulikisoma sekondari tukigawana nakala moja watu watatu, na sikutegemea kabisa kukikuta kwenye flashi. Kisha Martha akaingiwa na hofu kwamba rangi yake itamfanya akamatwe na kuuzwa utumwani, na Daktari akamwambia atembee tu kwa kujiamini. Mfasiri akasema: "Tembea kama mwenye nyumba siku ya kukusanya kodi." Nilicheka peke yangu hadi mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma hatua moja. Wakati ule ungeniuliza, ningekwambia uza kuku ununue msimu mzima.

Basi tukafika mwisho. Hotuba imeshasomwa, anga la juu ya Globe limegeuka kimbunga chekundu, watu wanapiga mayowe, nami nimeacha mguu juu ya pedeli bila kukanyaga. Daktari anamsukuma Shakespeare mbele: yaliyofunguliwa kwa maneno yafungwe kwa maneno, na hapa hakuna mwingine awezaye. Shakespeare anaanza kuyatunga papo hapo, mstari juu ya mstari, anafika ukingoni na kukwama. Amekosa neno moja. Anageuka huku na huku akilitafuta mdomoni mwa wengine, hadi Martha anapomrushia neno la uganga lililoazimwa kutoka vitabu vya watoto wa shule ya uchawi, na yote yanakwisha.

Haya niliyajua baadaye, nilipoazima toleo la Kiingereza na kulitazama mara tatu. Siku ile nilichosikia mimi ni hiki: "Kwa filamu kali zilizotafsiriwa kitaalamu, piga namba hii." Namba ikatajwa. Ikatajwa tena polepole, kama kwamba wasikilizaji tunaandika kwa chaki. Zikafuata salamu kwa wasambazaji wa Manzese, kwa kijana fulani wa bodaboda "asiye na makuu", na kwa mama mzazi wa mfasiri. Alipomaliza, wanga walikuwa wameshafungiwa ndani ya tufe la kioo na watazamaji wa Globe wanashangilia. Makofi ya nini? Mimi sikujua. Hata malkia Elizabeth alipoingia na kuamuru Daktari akatwe kichwa, mfasiri akiwa amezinduka na kuchangamka tena, mimi nilikuwa nimeshazima.

Vijana wa siku hizi mtu akiharibu jambo husema "amezingua". Zamani kuzingua kulikuwa ni kumtoa mtu uchawi. Shakespeare alikuwa akizingua kwa maana ya zamani, na mfasiri wetu, dakika ile ile, akazingua kwa maana ya leo.

Nilirudi kibandani kesho yake. Nilimsalimia kijana, nikamweleza kwa utaratibu, na yeye bila kuinua macho kwenye kompyuta akasema: "Sasa mama, umekosa nini hapo? Wachawi si wameshindwa?" Nikamwambia nimekosa shairi. Akacheka. "Watu wanataka vita, mama yangu. Mashairi nani anasikiliza?" Aliniambia hivyo katika mji huu ambamo mwanamke hanunui khanga kabla hajasoma maandishi yake, ambamo watu wamegombana miaka kwa sababu ya mstari mmoja wa taarabu. Nilitoka bila kuaga, na nikaapa kwamba nitaandika maoni ya neno moja tu: msinunue.

Ila hasira ina uchokozi wake. Ile namba nilikuwa nimeikariri bila kupenda, na jioni, nikipindisha mashati ya sare, nikaipiga. Akapokea mwenyewe. Sauti ile ile, lakini ndogo, haina mwangwi. Nikamsomea mashtaka yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Shikamoo, mama. Ukweli pale sikuelewa anachosema. Anakwenda haraka, Kiingereza cha zamani. Nikaona kuliko kudanganya, bora nitangaze."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jeuri, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikamwambia kwamba kutangaza pale ndiko kudanganya kwenyewe, naye akakubali upesi mno, jambo lililonikera upya. Halafu akaniuliza: "Na lile neno la mwisho analopewa na yule dada, wewe mama ungelisemaje?" Nikafungua kinywa. Potea? Hilo la kumfukuzia mbwa. Shindwa? Hilo la kanisani, na lina namna yake. Nikamwambia nitamjibu, nikakata simu kama mtu anayedaiwa.

Sasa sijui niwashauri nini. Bado nasema msinunue, kwa sababu fundi akikuletea gauni lisilo na mkono mmoja huulizi kama mkono wa pili umeshonwa vizuri. Lakini mwenye nyumba na kodi yake, na Mwalimu akimfundisha Shakespeare Kiswahili, hayo hayamo katika toleo la Kiingereza. Nimeyatafuta mara zote tatu, na kila mara, Martha akianza kutembea, nimejikuta namsemea mfasiri maneno yake kwa sauti. Basi nunueni, ila mkifika kwenye kimbunga chekundu zimeni sauti. Au msinunue. Kijana wa kibanda, kwa vyovyote vile, hastahili senti.

Juzi uzi ulijizonga kwenye bobini, nikawa nauzingua taratibu kwa ncha ya mkasi, na neno likanijia lenyewe, lote, tayari kwa kutamkwa: zinguka! Lina nguvu, lina amri ndani yake, na lingeujaza mdomo wa Shakespeare bila kubakiza nafasi. Niliacha mkasi, nikaosha hata mikono, nikapiga ile namba.

Haipatikani kwa sasa.