Faiba ya kufuma kwa boti: rovingi ya gramu 600 na twili ya gramu 300, nimezitumia zote mbili

Wakuu habari zenu, hii ni rivyu ya vitambaa viwili vya faiba nilivyonunua hapa Dar kujengea boti ya uvuvi ya mita 7, kimoja ni rovingi ya kufuma ya gramu 600 kwa mita ya mraba na kingine ni twili ya gramu 300, vyote glasi ya kawaida ile aina ya E. Naandika kwa sababu mafundi wengi wa pwani bado wanapiga mati (faiba ya nyuzi fupi zilizobandikwa bila kufumwa) mwanzo mwisho, tabaka juu ya tabaka, boti inatoka nzito kama nini, injini inahangaika, mafuta yanaisha, na bado baada ya misimu miwili mitatu unaona nyufa kwenye tezi, yaani nyuma ya boti. Rovingi nimeikubali kabisa. Twili ni nzuri lakini usiinunulie boti nzima, ina sehemu zake.

Kwanza tumalize hili la unene maana ndo linalowapoteza watu dukani. Mteja anashika kipande cha mati kilichokauka na kipande cha rovingi, anabonyeza kwa kidole, anachagua kile kinene. Sasa angalia: mati ya gramu 450 ukiipiga kwa brashi na rola inakunywa resini (ile gundi ya maji inayoganda) zaidi ya mara mbili ya uzito wake, yaani kilo moja hivi kwa kila mita ya mraba, na tabaka linatoka kama milimita 1. Rovingi ya gramu 600 inakunywa resini kiasi cha uzito wake tu, gramu 600 kwa gramu 600, na tabaka linatoka robo tatu ya milimita. Kwa hiyo ile nyembamba ina glasi nyingi kuliko ile nene! Unene wa mati sehemu kubwa ni resini, na resini peke yake ina nguvu ndogo ya kuvutwa, anayebeba mzigo ni uzi wa glasi. Halafu kwenye mati nyuzi ni fupi zimetawanyika kila upande, kwenye rovingi uzi unatoka mwanzo wa kitambaa mpaka mwisho bila kukatika.

Kwenye kulowa rovingi hii imenifurahisha sana, ukiilaza juu ya resini na kupitisha rola unaona weupe unaondoka taratibu mpaka kitambaa kinakuwa kama kioo, unaiona kalibu (umbo la kujengea boti) chini yake. Hiyo ndo dalili ya kwanza ya kitambaa kizuri. Kikibaki na vidoa vyeupe kwenye makutano ya nyuzi ujue kuna hewa imebaki pale, na kila kidoa ni mahali pa ufa kuanzia. Rovingi nene ina mabonde makubwa kati ya uzi na uzi kwa hiyo usiwe na haraka, lowesha chini kwanza, laza kitambaa, acha resini ipande yenyewe kutoka chini, ndo upitishe rola ya chuma. Ukimwagia juu kwa juu unaifungia hewa ndani.

Sasa twende kwenye mwelekeo, hapa ndo pesa yote ilipo na hakuna anayepaongelea. Niliweka tabaka nne za rovingi juu ya kioo bapa zote zimeelekea upande mmoja, ilipokauka nikakata vipande viwili vya upana uleule, kimoja kinafuata mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), kingine nimekikata mshazari digrii 45. Nikaviegemeza juu ya matofali mawili nikaning'iniza ndoo ya maji katikati. Kile cha mshazari kilishuka karibu mara mbili ya mwenzake, na ni kitambaa kilekile, resini ileile, siku ileile! Fundi cherehani yeyote anajua nguo inavutika mshazari, glasi nayo ni hivyohivyo. Lakini subiri, nikavichukua vyote viwili mkononi nikavisokota, na hapo mambo yakageuka, kile kilichofuata mtande kilisokoteka kirahisi, cha mshazari kikagoma. Kwa hiyo hakuna mwelekeo bora peke yake, kuna mwelekeo unaofaa kwa mzigo fulani. Chini ya boti kuanzia mkuku (uti wa chini wa boti), ambapo inakunjwa na mawimbi kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, nyuzi zifuate urefu wa boti. Ubavuni karibu na tezi na pembe zote ambazo injini inazisokota, weka angalau tabaka moja la mshazari. Mimi ubao wa tezi unaobeba injini nimeuzungushia tabaka mbili za mshazari na tabaka za kawaida juu na chini yake, na haulii hata ukifungulia injini yote.

Twili sasa. Tofauti yake na rovingi ya kawaida ni fumo, yaani namna nyuzi zilivyofumwa, rovingi inapita moja juu moja chini, twili inapita mbili juu mbili chini na kila mstari unasogea hatua moja, ndo unaona ile michirizi ya mlalo kama kwenye suruali ya jinzi. Uzi ukipanda na kushuka mara nyingi unakuwa na mawimbi, na uzi wenye mawimbi ukivutwa unataka kunyooka kwanza kabla haujabeba mzigo vizuri, kwa hiyo fumo lenye mapando machache kama hili la twili lina uzi ulionyooka zaidi. Satini ndo kiboko kwa hilo maana kuna inayopita saba juu moja chini, lakini inahama hovyo ukiishika na sura zake mbili hazifanani, kwa boti ya kuvulia sioni haja.

Nilikoiona faida ya twili kwa macho ni kwenye omo. Nilichora miraba kwa kalamu ya wino juu ya vitambaa vyote viwili kabla sijavilaza kwenye kalibu. Rovingi ilipofika pale boti inapojikunja pande mbili kwa pamoja ikafanya mikunjo, ikabidi nikate kwa mkasi na kupandisha kipande juu ya kipande. Twili ililala yenyewe kama imezaliwa pale, ila ile miraba ilikuwa imegeuka almasi, yaani mtande na mshindio (nyuzi za upana) havikukutana tena kwa digrii 90. Hilo liangalie, maana pale nyuzi zilipojibana zina nguvu upande mmoja na zimepungua upande wa pili, kwa hiyo tabaka linalofuata ligeuze ufidie. Anayepanga tabaka kwenye karatasi akidhani kila mahali ni digrii 90 anajidanganya.

Mpangilio wangu kwa anayetaka kuuiga: jelkoti (resini ya rangi ya tabaka la nje), mati nyepesi ya gramu 300 ili fumo lisionekane nje, halafu rovingi, mati, rovingi, mati. Usibandike rovingi juu ya rovingi kwa resini ya poliesta bila kitu katikati, zile sura mbili zenye mabonde hazishikani vizuri na ndo zinakuja kubanduka baadaye, mati inajaza mabonde. Kwa hiyo mati siitupi, ina kazi yake, ila isiwe ndo nguvu ya boti. Kwa vitu bapa kama kifuniko cha boksi la samaki panga tabaka zilingane juu na chini ya katikati, ukiweka rovingi upande mmoja na mati upande wa pili kinapinda kikikauka maana havisinyai sawa. Na ukitaka ugumu wa kukunjwa weka povu au plaiwudi katikati badala ya kuongeza glasi, unene ukizidishwa mara mbili kwa povu hilo ugumu unapanda kama mara saba.

Resini nitapita haraka. Poliesta zinauzwa aina mbili, iso na otho, na ya iso inavumilia maji kuliko ya otho, kama mfuko unaruhusu chukua iso kwa sehemu inayokaa majini. Hadna (dawa ya kugandisha) asilimia 1 mpaka 2, na kwa joto letu kaa karibu na 1 usije ukagandia kwenye ndoo. Epoksi inashika rovingi na twili vizuri sana lakini usiitumie na mati za kawaida, gundi inayoshika nyuzi za mati nyingi inayeyuka kwa stairini, kimiminika kilichomo kwenye poliesta, na epoksi haina stairini, mati inabaki ngumu haitaki kulala. Na tafadhali sana, kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) na hadna visikutane vyenyewe kwa vyenyewe, vinalipuka. Barakoa ya kuzuia mvuke, glavu, mlango wazi.

Wanafunzi wa uhandisi mnaofanya projekti za hivi vitu, kuna programu ya bure inaitwa TexGen ya chuo kikuu cha Nottingham Uingereza, unachora fumo lenyewe uzi kwa uzi, unabadilisha upana na nafasi ya nyuzi, halafu unalipeleka kwenye Abaqus, programu nyingine ya hesabu za uhandisi, kupima ugumu kabla hujanunua hata mita moja. Msiishie kwenye skrini lakini, njooni na karakana muone uzi unavyohama mkono ukiugusa.

Malalamiko yangu: muuzaji aliikunja twili kama shuka, akaifunga kamba, na kila mstari wa mkunjo nyuzi zimevunjika, unaiona kama alama nyeupe hata baada ya resini. Ikabidi nikate nikwepe mikunjo yote, kitambaa kikapotea bure. Pia kingo za rovingi zinafumuka sana, kabla hujakata bandika selotepu halafu kata katikati ya selotepu. Bei ya twili kwa mita iko juu mno ukilinganisha na uzito wake.

Rovingi naipa nyota 5, twili 4. Ukienda kununua hesabu nyuzi ndani ya sentimita 10 za mtande na sentimita 10 za mshindio, zikipishana sana kitambaa hicho kina nguvu upande mmoja kuliko mwingine na lazima ujue ni upande gani. Uliza kimetengenezwa kitumike na resini ya poliesta au epoksi au zote. Omba wakuzungushie kwenye bomba, wasikunje, na ukifika karakana kihifadhi kwenye nailoni maana unyevu wa bahari ukiingia kwenye glasi resini haishiki vizuri.