Uzoefu wangu: kuzipiga picha moka zangu za boti

Moka zangu ni Sperry Authentic Original, ngozi ya kahawia, soli nyeupe. Nilizipata mtumbani, soko la Karume pale Ilala, Dar, na tangu hapo ndizo ninazovaa kazini kwenye mashua inayopeleka wageni visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Nimezivaa hata harusini. Sina kiatu kingine ninachokipenda kiasi hiki, na kwa kuwa ngozi yake inabadilika rangi kila msimu, niliona nizipige picha za maana sasa hivi zilivyo. Simu tu, hakuna kamera.

Nianze na soli, maana kiatu chenyewe ni soli. Kwa mbali utadhani ni mpira mtupu uliolala sawasawa. Ukiikunja ndipo inapofunguka mikato myembamba ya zigizagi, na mikato hiyo ndiyo iliyokizaa kiatu. Mwaka 1935 Paul Sperry, Mmarekani wa Connecticut aliyependa kusafiri kwa tanga, alimtazama mbwa wake Prince akikimbia juu ya barafu bila kuteleza. Akachunguza nyayo za mbwa, akachukua kisu akachanja mpira wa soli kwa mfano ule ule. Ukikanyaga ubao uliolowa, mikato inaachama, kingo zake zinashika na maji yanapata njia. Mimi nahama kutoka omo hadi tezi mara kwa mara, sitaha ikiwa imerowa, na mguu unashika. Weupe wa soli nao una kazi: hauachi michirizi myeusi juu ya mbao.

Kwa hiyo picha ya kwanza niliyoitaka ni ya soli iliyokunjwa. Kiatu nilikisimamisha kwa ncha yake juu ya ubao, kisigino kimeinuka kama mtu anayetaka kuruka gatini, nikamwomba mwenzangu akishike kwa nyuma mkono wake usionekane. Mwanga ukatoka ubavuni. Hapo ndipo penye siri yote. Mwanga wa mbele unaifuta mikato, picha inatoka na kipande cheupe kisichosema kitu; mwanga wa ubavuni unatia kivuli ndani ya kila mkato, na jicho linahesabu mistari yote. Fleshi iache imezimwa.

Weupe huo huo unaisumbua simu. Ngozi ina rangi iliyokolea, soli inang'aa, na simu ikijitahidi kuionyesha ngozi inaiunguza soli, yaani weupe unazidi hadi chembe za mpira hazionekani. Dawa ni kugusa soli kwenye kioo cha simu, kushikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha kushusha mwanga kidogo kidogo hadi chembe za mpira zirudi. Ngozi ikibaki na giza unaiinua baadaye kwenye programu ya kuhariri. Weupe ulioungua, hata uhariri vipi, haurudi.

Saa nayo ni jambo kubwa huku kwetu. Jua la Dar linapanda upesi. Ikifika saa tatu asubuhi tayari linachoma na vivuli vimekuwa vikali. Nilifurahia mwanga wa saa moja asubuhi, na alasiri karibu na saa kumi na moja. Mchana nilihamia barazani, kivulini, nikaegemeza karatasi nyeupe ya manila upande wa pili ili irudishe mwanga kwenye sehemu iliyozama. Taa ya njano ya ndani sikuitaka, kwa sababu inaifanya ngozi ionekane ya machungwa.

Umbali: usikisogelee. Lenzi ya kawaida ya simu inaona upana mkubwa, na ukiikaribisha, pua ya kiatu inavimba, kisigino kinapotea. Rudi nyuma hatua mbili, vuta mara mbili au tatu ikiwa simu yako ina lenzi ya kuvuta, na ushushe simu mpaka ilingane na kiatu. Umbo la moka ni la kulala chini. Ukipiga kwa juu kama unavyokiona umesimama, uzuri wake wote unakwisha. Na futa lenzi kwanza. Sisi wa pwani chumvi inatanda kwenye kioo bila kujua, halafu picha nzima inapata ukungu.

Kuna pia ile kamba ya ngozi. Haiishii kwenye matundu ya mbele. Inapita ubavuni, ikachomoza na kuzama, mpaka inazunguka kisigino. Mtu anayekijua kiatu hiki ataitafuta kwenye picha. Pembe ya robo tatu, kiatu kimoja kikitazama mbele na cha pili kikionyesha ubavu, inaionyesha kamba, mshono wa mkono kwenye pua na vile viringi vya shaba kwa pamoja. Ndani ya pua nilijaza magazeti ili ngozi isilegee.

Kuhusu usafi nina msimamo. Mchanga nilipangusa. Mistari myeupe ya chumvi niliiacha, kwa kuwa ndiyo historia ya kiatu, na moka ya boti iliyopakwa rangi ikang'aa kama ya dukani hainivutii hata kidogo. Baada ya picha ndipo nikaisafisha chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, nikaacha ikauke kivulini, nikapaka mafuta ya ngozi. Chumvi ikikaa inaikausha ngozi mpaka ipasuke, kwa hiyo msichelewe.

Viatu vyenyewe navipa alama zote kwa mtu anayeshinda juu ya maji. Na kama unanunua vya mtumba kwa picha, mwombe muuzaji akutumie moja ya soli iliyokunjwa, mwanga ukitoka ubavuni. Mikato ikiwa imelika hadi kufutika, utaliona hilo kabla ya kutoa hela.